Sahani Mbili za Githeri

Wamagana, Nyeri
6 Februari 1977

Shemeji Mworia,

Pokea salamu za nyumba hii yote, kuanzia Monicah mke wangu mpaka ng'ombe mpya, ambaye bado hana jina kwa sababu Monicah na binti yetu Wachuka hawajakubaliana. Jua la mwezi huu limetukaushia hata nyasi za kando ya mto, lakini hatulii. Wachuka amepata mchumba, kijana mpole wa Karatina, na Monicah ameanza kutembea kanisani kama mke wa mbunge.

Msalimie dada yangu Murugi. Mwambie kaka yake amepona kabisa ile operesheni ndogo ya tumbo ya mwaka juzi, na aache kuuliza.

Sasa sababu ya barua. Wewe ndiye fundi wa nguo ninayemwamini, na jambo zuri zaidi ni kwamba uko Chuka, mbali na midomo ya Wamagana. Nahitaji suruali tatu. Kiuno inchi arobaini na nne. Najua siku ya harusi yako ulinishonea ya inchi thelathini na mbili. Usicheke peke yako dukani, wateja watakuogopa. Kiuno kipande juu, kipite kitovu, na kisibane mahali popote. Mkanda sitavaa, kwa hiyo weka vifungo vya kanda za mabegani. Usiniulize kwa nini. Mwalimu mkuu ana haki ya kuvaa kama mzee wa zamani akitaka.

Wako,
Theuri


Chuka
2 Machi 1977

Mwalimu, shemeji yangu,

Salamu zimefika na zimekaribishwa. Dada yako, Mama Kithinji, anakusalimu, na hajaacha kuuliza. Kithinji mwenyewe sasa ananipita kwa kimo na anataka viatu vipya kila muhula. Mvua bado haijanyesha huku lakini mawingu yanapita yakitutazama.

Hongera kwa Wachuka. Mchumba mpole ni mzuri, mradi upole huo usiwe wa kutafuta koti la harusi la bure kwangu.

Suruali zako ziko mezani. Nimezishona hivi: kiuno kipana, vifungo vya mabegani, na mbele nimeacha kitambaa cha ziada ndani, laini, kisicho na mshono, ili kitu kisisuguliwe. Nitazituma kwa gari la posta nikishapata jibu lako. Kimebaki kitu kidogo kumalizika, na kwa ajili hiyo nina swali moja tu, la kifundi. Hiyo nafasi niiweke upande wa kushoto au wa kulia?

Nina mteja mmoja ambaye huwa namshonea hivyo. Sikuulizi jambo lingine.

Mworia


Wamagana
27 Machi 1977

Shemeji,

Kwanza nikusalimu, maana hata mtu aliyevuliwa nguo hadharani hujikaza akasalimia. Hatujambo. Ng'ombe ameitwa Kanini. Monicah alishinda.

Kushoto.

Nilikasirika siku tatu. Nikasema, huyu fundi ni mchawi. Siku ya nne Monicah akaniuliza kwa nini natembea nikizungumza na mti wa parachichi, nikaona afadhali nikueleze wewe kuliko ule mti.

Ile haikuwa operesheni ndogo. Walikuta uvimbe mwishoni mwa utumbo mkubwa. Wakaukata, wakafunga ile njia uliyonayo wewe na kila mtu, na utumbo wakautoa nje tumboni, upande wa kushoto. Sasa choo changu hutokea hapo, kwenye tundu jekundu kama kiwaridi, kinaingia kwenye mfuko wa mpira. Ndiyo hiyo siri. Monicah anajua. Wachuka anafikiri nina kidonda kisichopona. Mimi mwenyewe hilo tundu nimelipa jina la Karani, kwa sababu linafungua ofisi linapotaka, na halipokei amri ya mkubwa yeyote.

Unene nao umetokana na akili zangu mwenyewe. Nilipotoka hospitali nilijisemea: kisichoingia hakitatoka. Nikaacha kila chakula kigumu. Nikala mkate mweupe, wali, biskuti, chai ya sukari vijiko vinne. Ukweli ni kwamba nilifurahi kupata kisingizio. Tangu nipate cheti cha ualimu nilikuwa nikiona githeri, yale mahindi na maharage yetu ya kuchemsha, kama chakula cha watu ambao hawakufaulu mtihani. Basi nikala kama mgonjwa na kunenepa kama chifu. Karani naye akagoma. Siku nne, siku tano, hakuna kitu, halafu maumivu ya kunikunja kama mama anayejifungua. Na tumbo limefanya mikunjo, mfuko haushiki vizuri, unabanduka wakati wowote.

Jumapili iliyopita, wakati wa maombi ya kimya, Karani alilia. Mlio mrefu, Mworia, ukapanda mwishoni kama mtu anayeuliza swali. Kanisa zima lilisikia. Mzee Kihara, tunayekaa naye benchi la wazee, akanishika mkono akaninong'oneza, "Lia tu, Mwalimu. Bwana anasikia." Sasa watu wananiheshimu kwa toba ambayo sikuifanya.

Jumatatu nilikwenda kwa muuguzi anayeshughulika na watu kama mimi, Sista Ngendo. Akanipandisha kwenye mizani. Kilo tisini na tatu.

"Mwalimu, hii tumbo inataka kumeza hii tundu," akasema.

"Lakini Sista, mimi nimepunguza kula. Nakula vitu laini tu."

"Kama gani?"

"Mkate. Wali. Chai."

"Na githeri? Na mboga?"

"Githeri na hali hii?"

"Ati hali gani? Utumbo yako mkubwa karibu yote iko bado ndani. Iko na nguvu, inataka kazi. Wewe unaipatia mkate mweupe, inalala, halafu sukari yote unaiweka hapa." Akanifinya ubavuni, mwalimu mkuu mzima.

Amenipa amri. Uji wa unga usiochekechwa. Maharage, githeri, viazi vitamu, sukuma wiki, mapera. Anaziita nyuzinyuzi, zile sehemu za chakula ambazo tumbo haliwezi kuzisaga. Zinasukuma choo, zinakushibisha mapema, na unene unapungua. Maji glasi nane kwa siku. Na niongeze kidogo kidogo, wiki hadi wiki.

Sasa cheka, umalize, halafu unitumie suruali, na uniambie wewe huwa unakula nini hata hunenepi.

Theuri


Chuka
1 Mei 1977

Mwalimu,

Mvua imekuja na imekuja na mawe. Mahindi yamelala chini, mengine yameinuka, mengine yanafikiria. Mama Kithinji hajambo. Sijamwambia ulichoniandikia. Hiyo ni yako, mwambie wewe ukiwa tayari.

Nilicheka, sikatai. Nilichekea nyuma ya duka mpaka mteja akaniuliza kama nimeshinda bahati nasibu. Lakini baada ya kucheka nilikaa chini muda mrefu na sikushona kitu.

Pamoja na suruali nimeweka mshipi wa kitambaa na vifuniko vinne vya mfuko, vya pamba. Mpira ukigusa ngozi siku ya jua unachoma, kifuniko kinazuia jasho. Mshipi usiukaze sana, vidole viwili vipite chini yake. Vifuniko viwili viwe vya kazi na viwili vya kanisani, vile vya bluu.

Yule mteja wangu niliyekutajia anasema hivi: maji kwanza, kabla hujaongeza hata kijiko cha maharage. Tafuna mpaka chakula kisahau kilikuwa nini. Usijaribu vyakula viwili vipya siku moja, maana kikikusumbua hutajua umlaumu nani. Na kabichi mbichi usiiguse kabla ya ibada.

Umeniuliza mimi huwa nakula nini ndivyo sinenepi. Meno yangu ni mabaya. Ndiyo hivyo tu.

Mworia


Wamagana
19 Juni 1977

Shemeji,

Tunakusalimu kutoka kwenye ukungu wa mwezi wa sita. Hatujaona jua tangu Jumanne, na nguo alizofua Monicah zimekuwa washiriki wa nyumba, tunazisalimia tukipita. Posa ya Wachuka imekubaliwa. Wageni wanakuja Jumamosi, 13 Agosti. Wewe na Murugi msipokuja nitahesabu kwamba sina dada.

Sasa sikia habari za nyuzinyuzi. Sista aliniambia kidogo kidogo. Mimi ni mwalimu mkuu, nimezoea kuwaambia wengine kidogo kidogo. Siku ya kwanza nilikula githeri bakuli zima, maharage meusi ya njahi juu yake, na sukuma wiki ya watu wawili. Maji nikasahau. Usiku ule tumbo langu lilipiga ngoma za kabila ambalo halijulikani. Asubuhi, mkaguzi wa shule amekuja, nimesimama mbele ya gwaride nikisoma ratiba, Karani akafungua ofisi kwa nguvu zake zote. Mkaguzi akaangalia juu, akasema, "Ndege ya jeshi hiyo." Nikamwambia, "Ndiyo bwana, hupita hapa kila Alhamisi." Imeandikwa kwenye ripoti ya shule kwamba tunasumbuliwa na ndege.

Nikarudi kwenye amri. Wiki ya kwanza uji wa unga wa kinu tu na maji. Ya pili nikaongeza viazi vitamu. Ya tatu, githeri vijiko vitatu, nikitafuna kama ulivyosema. Ya tano bakuli dogo. Shemeji, ni muujiza. Karani anafanya kazi mara moja, asubuhi, baada ya chai, kama mtumishi wa serikali ya zamani. Maumivu yameisha. Nashiba kabla sahani haijaisha, kitu ambacho hakijanitokea tangu uhuru. Nimefika kilo themanini na sita, na mfuko unashika.

Sasa nimekuwa mhubiri. Kila mwalimu katika shule yangu anakula unga usiochekechwa, hata yule ambaye hakuniuliza. Na wewe nitakuokoa. Umekonda kama ufito wa kuezekea. Tangu ulipokwenda kwenye ile kozi ya suti Nairobi mwaka 1971 ukarudi bila mashavu, sijakuona ukila chakula cha mwanamume. Viazi vya kupondwa, ndizi ya kupondwa, kama mtoto anayeota meno. Tarehe 13 utakula githeri mbele yangu.

Theuri


Chuka
10 Julai 1977

Mwalimu,

Salamu. Tutakuja, Mungu akipenda, kwa pikapu ya jirani yetu Muriithi. Mama Kithinji ameshonewa gauni mara mbili, la kwanza lilikosewa na fundi, ambaye hatutamtaja.

Nafurahi sana kwa hizo kilo. Nimefurahi kuliko ninavyojua kuandika.

Kuhusu githeri. Naomba siku hiyo mniwekee viazi vya kupondwa pembeni, kidogo tu. Ni meno. Usifanye jambo kubwa.

Mworia


Wamagana
21 Agosti 1977

Shemeji,

Bado tunaokota vikombe kwenye ua. Sherehe imekuwa gumzo mpaka kwenye soko la Karatina, Monicah amesikia kwa masikio yake. Wazee wa mchumba walisema hawajawahi kuona nyumba ya mwalimu yenye chakula kingi kiasi hicho na hotuba fupi kiasi hicho.

Lakini mimi nakumbuka zaidi nilipokushinda. Ulikaa pale na viazi vyako, ukijificha nyuma ya glasi ya maji. Nikaja mwenyewe na sahani ya githeri, mbele ya wakwe wote. Wakacheka. Nikasema, "Huyu shemeji yangu anadharau chakula cha Wamagana." Murugi akanyoosha mkono achukue ile sahani, nikamwambia, "Mwache mume wako ale." Ukaniangalia, ukaangalia wageni, ukala. Nikakuongezea ya pili, ukala. Taratibu kama mtu anayehesabu, lakini ukaimaliza! Meno yako ni mazima kabisa, nimeyaona.

Kitu kimoja sikukielewa. Asubuhi nilipoamka mlikuwa mmeshaondoka bila chai. Muriithi alikuwa na haraka gani? Na Murugi hakuja hata kumuaga Monicah.

Niandikie kama mlifika salama.

Theuri


Wamagana
18 Septemba 1977

Mworia,

Majuma manne. Nimeandika, hujajibu. Nimemwandikia Murugi, hajajibu. Dada yangu hajawahi kuacha kunijibu, hata mwaka ule tulipogombana kwa sababu ya mbuzi wa baba.

Kama nimekosea, niambie kosa lenyewe. Nimekaa nikipitia siku ile yote, kuanzia asubuhi, na kila mara nafika kwenye ile sahani nasimama. Sijui kwa nini nasimama hapo.

Theuri


Chuka
2 Oktoba 1977

Mwalimu, shemeji yangu,

Sisi ni wazima. Naanza na hilo kwa sababu ndilo uliloliuliza kwanza.

Kulia.

Mimi ndiye yule mteja. Hakuna mwingine. Nimemshonea yeye miaka sita, hajawahi kulipa.

Mwaka 1971 sikwenda kozi ya suti. Nilikuwa nimeharisha damu miaka miwili nikificha, mpaka nikaanguka dukani. Hospitali ya Nairobi walitoa utumbo mkubwa wote, Mwalimu, haukubaki hata kipande. Utumbo mdogo ndio wameutoa nje, upande wa kulia. Murugi aliapa kwangu kwamba hatamwambia mtu yeyote, hata wewe, na alishika kiapo mpaka kikamchubua.

Sasa unaona tofauti yetu. Wewe bado una utumbo mkubwa, unataka kazi, githeri inakuponya. Mimi ninao mwembamba tu, na penye tundu unapita kwenye njia nyembamba zaidi. Ganda la punje ya mahindi haliyeyuki. Yakikutana maganda mengi yanafanya kizibo. Niliambiwa hivyo mwaka 1971 na nimekaa nikijua. Ulipoandika "Kushoto" nilichukua kalamu nikuandikie "Mimi kulia". Nikaandika "Meno". Umesimama mbele ya fundi wako ukiwa uchi kabisa, na fundi akajifunga koti mpaka shingoni.

Kwa hiyo ile sahani usiibebe peke yako. Wewe uliniwekea chakula. Aliyefungua mdomo ni mimi. Nilipokuwa natafuna punje ya kwanza nilijisemea, sema sasa, neno moja tu, hawa watu wanakupenda. Nikaangalia wale wakwe kumi na wanane. Nikaona afadhali kufa. Hebu fikiria mtu mzima, mwenye duka, anachagua kufa kuliko kusema neno "mfuko".

Alfajiri mfuko ulikuwa mkavu. Hakuna tone. Tumbo likaanza kukaza. Murugi akaniangalia, akasema, "Twende." Nilitapika kuanzia Karatina. Tulipofika Kerugoya sikuweza kukaa wala kulala, Muriithi akageuza gari mpaka hospitalini. Daktari aliniuliza, "Umekula nini, mzee?" Nikasema, "Githeri." "Kiasi gani?" Nikasema, "Kidogo." Murugi, ambaye hajawahi kunipinga mbele ya mtu, akasema kwa sauti ya kusikika wadi nzima, "Sahani mbili! Sahani mbili, na anajua!"

Waliniwekea mpira puani na maji mkononi. Siku ya tatu walikuwa wameshapanga kunipasua tena. Nilitia sahihi. Saa mbili kabla ya wakati, kizibo kikaachia. Mahindi yalitoka mazima, Mwalimu. Mvua ingekuwepo ungeweza kuyapanda. Lakini mwili ulikuwa umekauka, figo zikadhoofika, wakanikalisha siku kumi na tisa. Nililala Kerugoya, karibu na kwako kuliko kwangu, na sikukuita.

Murugi amekataa kukuandikia. Anasema hajui amkasirikie nani kwanza, na mpaka ajue hataandika.

Daktari hakunikataza nyuzinyuzi zote. Zile laini zinanifaa, zinafanya kinachotoka kisiwe maji matupu: malenge, ndizi mbivu, uji wa wimbi uliochekechwa, maharage yaliyomenywa ngozi na kupondwa. Ganda ndilo adui yangu.

Nimeandika barua hii siku mbili.

Mworia


Wamagana
9 Oktoba 1977

Mworia,

Salamu sina. Nimetafuta, hazikupatikana.

Nimeisoma barua yako chooni, mahali pekee pa faragha katika nyumba hii, ambapo mimi nimebaki sina shughuli. Nilikaa huko mpaka Monicah akagonga mlango. Nikampa akasoma. Akasema, "Mlitaka kuuana kwa heshima."

"Mwache mume wako ale." Nilimwambia hivyo dada yangu, ambaye nilimbeba mgongoni mimi. Alikuwa akijaribu kukuokoa, na mimi nikamwaibisha mbele ya wageni ili wakwe wacheke. Nimekuwa mwalimu miaka ishirini na minne. Nimejifunza kitu kimoja kizuri kuhusu tumbo langu, nikadhani nimejifunza matumbo ya watu wote. Sista Ngendo nilipomweleza alifunga daftari lake akasema, "Mwalimu, mimi nilikutibu wewe. Sikukutuma."

Unasema nisibebe sahani peke yangu. Nakushukuru. Lakini upande wangu nitaubeba.

Jana jioni nilimwita Wachuka na mchumba wake, nikawaambia lile jambo langu. Wachuka akasema, "Baba, mimi nilijua. Ninyi ndio mlikuwa mnafurahia siri." Kijana mpole akauliza kama tundu linauma. Nikasema hapana. Akasema basi ni vizuri, akaomba chai. Miaka miwili ya hofu, Mworia, ikaisha kabla maji hayajachemka.

Jumamosi nakuja Chuka. Sitaleta chochote cha kuliwa.

Theuri


Chuka
15 Januari 1978

Mwalimu,

Mwaka mpya umetukuta vizuri. Kithinji amepasi mtihani wake, mama yake ameibandika ile karatasi ukutani juu ya picha ya harusi yetu, inafunika kichwa changu. Monicah ametuandikia kwamba umefika kilo themanini na moja na unataka suruali zipunguzwe. Zilete. Ila kitambaa cha ndani hakitolewi.

Huku bado tunaizungumza siku uliyokuja. Mimi nilifikiri Murugi atakufukuza. Wala hakukusalimia. Alikuwekea kigoda, akakupa sufuria ya njahi zilizochemshwa, akakwambia, "Menya." Nilikuona mwalimu mkuu wa watu ukimenya njahi moja moja, ngozi huku, kiini huku, bila kuinua kichwa, mpaka kuku wakaingia kulala. Akaziponda, akanipa nikala. Ndipo akakugeukia akasema, "Karibu, kaka." Kama umefika dakika ile. Nilitazama ukutani, usije ukaniona nikilia.

Sasa kuna habari. Wiki iliyopita nilirudi Kerugoya kupimwa figo. Ni nzima. Yule daktari akaniomba kitu. Kuna mwanamke katika wadi, anaitwa Warigia, muuza vitunguu, miaka ishirini na tisa. Wamemfanyia kama mimi, kulia. Siku tisa hajala, hataki kujitazama, anageukia ukuta. Daktari akasema, "Mzee, wewe umekaa nayo miaka saba. Mwambie tu inawezekana."

Nikaingia na Murugi akabaki nje kwenye benchi. Nikamweleza yote, malenge, ndizi, maji na chumvi kidogo, kutafuna. Nikamwambia kuhusu mahindi, na kuhusu shemeji yangu. Hakucheka. Nikajipigapiga koti mahali penyewe, nikamwambia, "Iko hapa sasa hivi, nayo inafanya kazi, na wewe hujui." Akageuka kidogo akanitazama hapo, mara ya kwanza. Akauliza kwa sauti ndogo sana:

"Na mama wa nyumbani kwako, yeye anasemaje?"

Mwalimu, nilikuwa na majibu ya chakula chote kinachoota Chuka mpaka Nyeri. Lakini hilo? Miaka saba sijawahi kumuuliza. Nilisimama pale na kofia mkononi kama mwanafunzi wako wa darasa la pili. Nikatoka nje nikamwambia Murugi, "Anakuuliza wewe."

Akainuka, akaweka sawa kitambaa cha kichwa, akaingia na kuvuta pazia. Nilikaa kwenye lile benchi karibu saa nzima. Mwanzoni nilisikia kilio. Halafu nikasikia kicheko, Mwalimu, kicheko cha watu wawili, kile cha kuziba mdomo kwa mkono na bado kinatoka. Muuguzi akapita mbio akifikiri kuna jambo. Huyo muuguzi alipotoka tena alikuja kuomba uji, bakuli moja, wa kupelekwa nyuma ya pazia.

Njiani kurudi nilimuuliza Murugi alimwambia nini. Nimemuuliza tena nyumbani mara tatu. Anasema ni maneno ya wanawake, halafu ananitazama, anaanza kucheka upya, anaondoka jikoni.

Ni dada yako. Ukija kupunguza suruali, umuulize wewe.

Mworia